Shamba Ndani ya Mji

Mtu apitaye Upanga leo huona maghorofa na nyumba zilizopangana, na ni vigumu kwake kusadiki kwamba mahali hapo palikuwa na mashamba ya minazi hata kufika miaka ya 1940. Seyyid Majid alipouanzisha mji wa Dar es Salaam kando ya Mzizima, katika miaka ya 1860, aliwakuta hapo wavuvi na wakulima. Mji ulizaliwa shambani, wala haukupata kutoka humo kabisa.

Wenye kuupima mji walidhani vingine. Kwao mjini ni mahali pa kununua chakula, na Kariakoo, palipokuwa kambi ya wapagazi katika vita ya 1914–1918, ndipo pakawa sokoni. Lakini soko humlisha mwenye fedha, tena chakula kikiwako. Mwaka 1942 Wajapani waliishika Burma, na mchele wake ukakatika. Mwaka uliofuata mvua zilikuwa haba, na nafaka mjini ikagawiwa kwa kipimo. Siku hizo mwenye mashina machache ya muhogo nyuma ya nyumba, au ajuaye mahali uotapo mchunga, alikuwa na akiba isiyoandikwa katika daftari yoyote.

Jambo hili lilirudi kwa nguvu zaidi baada ya uhuru. Katika ukame wa miaka ya 1974 na 1975 Serikali ilitangaza Kilimo cha Kufa na Kupona. Miaka ya 1980 mshahara ulipungua thamani hata mtumishi wa Serikali hakuweza kuilisha nyumba yake kwa huo. Akafuga kuku, akafunga ng'ombe uani. Hapa pana ajabu: Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 ilitaka asiye na kazi aondoke mjini akalime, hali mabwana wakubwa wenyewe walikuwa wamekwisha kuwa wafugaji mumo humo mjini! Mwisho kanuni za mwaka 1992 zilikikubali kilimo cha mjini, ila mtu asizidi eka 3, na mifugo isizurure.

Katika mazao yote hayo mchicha ndio mfalme. Hukua kwa majuma machache, hunyauka upesi, na kwa hiyo shamba lililo karibu hulishinda la mbali. Mwishoni mwa karne ya 20 wachunguzi walikadiria kuwa sehemu 9 katika 10 za mboga za majani zilizoliwa mjini zilitoka mjini humo humo. Nyingi zilitoka bonde la Msimbazi, mto uingiao baharini kando ya Upanga, penye daraja la Selander. Walakini viwanda navyo vilimwaga taka zake mtoni. Mwaka 1999 wataalamu walitangaza kwamba waliona risasi na kadmiamu katika mboga za kando ya mito Sinza na Msimbazi. Mnunuzi wa Kariakoo hawezi kuiona sumu hiyo kwa macho, wala kuosha hakuiondoi iliyokwisha kuingia ndani ya jani. Na mkulima wa bondeni hakuwa na maji mengine ya kumwagilia.