Maktaba ya Harvard-Yenching: Karibu Karne Moja ya Kupanga Vitabu vya Kichina

Mwaka 1879 Chuo Kikuu cha Harvard kilimwajiri Ko Kun-hua, msomi kutoka Ningbo, afundishe Kichina kwa mkataba wa miaka mitatu. Fedha za kumlipa zilichangwa na wafanyabiashara wa Boston waliotaka vijana wenye uwezo wa kufanya biashara China. Wanafunzi waliojitokeza walikuwa wa kuhesabika kwa vidole, na Februari 1882, mkataba haujaisha, Ko akafariki kwa nimonia. Vitabu alivyofundishia vikabaki chuoni. Vingine viliongezeka polepole, lakini kwa zaidi ya miaka 40 hapakuwa na mtu wa kuviweka katika utaratibu ambao mwanafunzi angeweza kuufuata. Taasisi ya Harvard-Yenching, iliyokuja kuvirithi vitabu hivyo, itatimiza miaka 100 mwaka 2028, na wengi wataisifu maktaba yake kwa vitabu vyake zaidi ya milioni moja. Sifa hiyo ni ya haki, ila haistahili kutangulia. Kilichomfungulia mwanafunzi mlango ni mpangilio.

Kazi hiyo ilianza mwaka 1927, miezi michache kabla taasisi yenyewe haijaundwa, pale Chiu Kaiming alipokabidhiwa vitabu vya Kichina na Kijapani avitengenezee orodha. Chiu alikuwa amesomea ukutubi Wuchang, katika shule ya kwanza ya fani hiyo nchini China. Mfumo wa Dewey, uliozoeleka Marekani, haukumfaa: ungeipeleka misahafu ya Konfusio huku na huko, Kitabu cha Nyimbo kwenye ushairi, Majira ya Chipuko na Vuli kwenye historia, ilhali kwa Wachina vitabu hivyo ni kundi moja lililosomwa pamoja kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Mgawanyo wa kale wa Kichina, wenye mafungu manne, nao haukuwa na pa kuweka uchumi wala kilimo cha kisasa. Chiu akaunda mafungu tisa, misahafu ikiwa na fungu lake, na sayansi za leo zikiwa na yao. Kadi zake zilibeba jina la kitabu kwa herufi za Kichina na matamshi yake kwa herufi za Kilatini. Mfumo ulichapishwa mwaka 1943, na maktaba nyingine nyingi zenye vitabu vya Asia Mashariki zikauchukua.

Atatokea wa kusema kwamba bila fedha hayo yote yasingekuwapo. Ni kweli, na fedha hazikuwa haba: zilitoka katika wasia wa Charles Martin Hall, aliyegundua njia rahisi ya kuzalisha alumini na kufariki mwaka 1914 akiwa tajiri. Lakini fedha hununua vitabu tu. Wafadhili wa Ko nao walikuwa na fedha.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, wanasema, anahitaji mwalimu na kamusi. Mafungu ya maktaba ni ya maprofesa. Ila kamusi ya Kichina yenyewe ni suala la mpangilio. Sisi hufungua kamusi tukijua kwamba B hufuata A. Mwenye herufi ya Kichina asiyojua inavyotamkwa hana pa kuanzia, mpaka atambue kipande cha msingi kilichomo ndani yake, kati ya vipande 214, kisha ahesabu mikwaju ya kalamu iliyosalia. Kamusi ya Mathews, iliyotoka Shanghai mwaka 1931 na kuchapishwa upya Harvard mwaka 1943 wakati vita vikiwa vimekata njia za vitabu, ilipanga herufi 7,785 kwa matamshi na kuzipa namba, pamoja na faharasa ya vipande hivyo. Kule Beijing, William Hung na wenzake katika Chuo Kikuu cha Yenching walitoa faharasa za vitabu vya kale, mradi uliolipiwa na taasisi hiyohiyo. Neno ambalo msomi wa zamani alilikumbuka kwa kuwa amehifadhi kitabu kizima kwa moyo, mwanafunzi wa kigeni sasa aliliona kwa kufungua ukurasa.

Leo, wengine watasema, kompyuta imemaliza kazi, na hata mfumo wa Chiu umeachwa kwa vitabu vipya. Wasichokiona ni kwamba kompyuta hutafuta kile tu ambacho mtu alikwisha kukieleza. Mwaka 2000 maktaba za Marekani zilipohama kutoka tahajia ya Wade-Giles kwenda pinyin, hata Mao Tse-tung akawa Mao Zedong, sehemu kubwa ya rekodi ilibadilishwa kwa mashine. Mashine iliweza kwa sababu makarani wa vizazi kadhaa walikuwa wameandika matamshi kwa kanuni moja, kadi baada ya kadi. Chiu mwenyewe alistaafu mwaka 1965, na baadaye akaenda Hong Kong kuongoza maktaba ya chuo kikuu kipya cha Kichina.