Matope

Kiswahili hakijalitendea haki neno matope. Wagombea wakichafuana majina, tunasema wanapakana matope. Mtu akizama katika ulevi, tunasema ametopea. Kila mara uchafu, kila mara kuzama. Lakini tope la mlango wa mto, kama lile lililo chini ya mikoko ya delta ya Rufiji, husafisha.

Mito hubeba naitrojeni kutoka kwenye mbolea za mashamba na maji taka ya miji. Ikizidi baharini, mwani hufumuka, kisha huoza na kumaliza oksijeni ya samaki. Ndani ya tope, oksijeni hushuka milimita chache tu. Katika utando huo wa juu, vijidudu hugeuza amonia kuwa naitreti. Chini yake, pasipo oksijeni, bakteria wengine hupumua kwa kutumia naitreti hiyo, na sehemu kubwa huirudisha angani ikiwa gesi ya naitrojeni, ileile inayofanya asilimia 78 ya hewa yetu. Kaa wanaochimba mashimo hupeleka oksijeni chini zaidi, na makundi hayo mawili hupata mahali pengi zaidi pa kukutana.

Ndiyo maana kuyaeleza matope kuwa udongo na maji pekee hakunitoshi. Tope ni udongo, maji na viumbe hai, na ningependa kamusi zetu ziseme hivyo.