Kuta za Udongo za Tucson

Jua la jangwa la Sonora halina huruma, kwa hiyo anayezuru mji mkongwe wa Tucson, kusini mwa jimbo la Arizona nchini Marekani, huanza asubuhi na mapema. Tulianzia kwenye ngome ya Wahispania, ambayo mahali pake palichaguliwa Agosti 1775 na Hugo O'Conor, mzaliwa wa Ireland aliyekuwa ofisa wa jeshi la mfalme wa Hispania. Ng'ambo ya mto Santa Cruz, watu wa O'odham walikuwa na kijiji na mashamba tangu zamani. Ngome yenyewe imekwisha. Kona yake moja tu ndiyo iliyojengwa upya.

Jirani yake ipo La Casa Cordova, miongoni mwa nyumba kongwe kabisa zilizosalia mjini. Ukuta wake ni udongo uliokandwa kwa maji na majani makavu, ukatiwa kwenye fremu za mbao, ukaanikwa. Huko juu zimelazwa boriti, na juu ya boriti fito za saguaro, dungusi mrefu wa jangwani, kisha tabaka nene la udongo. Aliyewahi kulala ndani ya tembe la Wagogo ataielewa dari hiyo mara moja. Mchana ukuta hunywa joto polepole, na ndani hubaki ubaridi, usiku hulitoa. Milango imekaa ukingoni mwa barabara, na maisha ya familia yalikuwa nyuma, uani.

Reli ilipofika mwaka 1880 ilileta matofali ya kuchoma, mbao na mabati. Taratibu nyumba ya udongo ikahesabiwa kuwa ya maskini, na dharau hiyo ndiyo iliyouponza mji. Mwaka 1966 wapiga kura waliridhia mpango wa kuboresha katikati ya mji. Ekari zipatazo 80 zikasafishwa kwa matingatinga: makazi ya Wameksiko, maduka ya Wachina, nyumba za Wamarekani weusi. Mwaka 1971 palifunguliwa hapo kituo kikubwa cha mikutano. Katika uwanja wake imebaki nyumba moja iliyokuwa ya mfanyabiashara Leopoldo Carrillo, nayo ilipona kwa sababu wenyeji waliipigania. Ukisimama mlangoni pake, hasira inakupanda.

Kusini kidogo, mtaa wa Barrio Viejo bado upo. Barabara kuu ilipangwa kupita humo, lakini wakazi walifaulu mwaka 1971 kuliingiza eneo la ibada la El Tiradito, wanakowasha mishumaa, katika orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria. Barabara ile haikujengwa.

Leo kuta za mtaa huo zimepakwa rangi kali na bei zake zimepanda mno. Wengine wamezipiga lipu ya saruji, nayo hufungia unyevu ndani hadi udongo ukaliwa chini. Chokaa ndiyo dawa yake, kwa kuwa huacha ukuta upumue. Mji unaojivunia kuta hizi kwa wageni una deni kwa familia zilizozijenga: utunze nyumba, na uhakikishe wajukuu zao wanamudu kuishi humo.