Wasichana wa Glasgow na Dawati Letu

Aprili 2014 nilikuwa darasa la sita, shule moja ya msingi huku Eastlands. Muhula wa kwanza ulikuwa unaisha. Wasomali walikuwa wakikusanywa Eastleigh na kupelekwa uwanja wa Kasarani, na dawati letu la watu wawili likabaki na mtu mmoja. Mimi. Mwalimu aliita jina la mwenzangu kwenye rejista siku tatu hivi. Muhula wa pili halikuitwa tena. Hakuna aliyeuliza. Nilihamia upande wake, karibu na dirisha, kwa sababu kulikuwa na hewa.

Nilikuwa nimesahau hiyo hewa hadi niliposoma kuhusu Wasichana wa Glasgow.

Kwanza uelewe mji wenyewe. Baada ya sheria ya mwaka 1999, serikali ya Uingereza ilianza kuwatawanya waomba hifadhi nje ya London. Glasgow, huko Uskoti, ilikuwa na maghorofa marefu ya manispaa ambayo wenyeji wengi hawakuyataka tena, kwa hivyo ikawapokea. Usidhani ilikuwa pepo. Agosti 2001 kijana Mkurdi alichomwa kisu mtaani Sighthill akafa. Mitaa ilikuwa maskini, na watu walinung'unika vile watu hunung'unika kila mahali: sisi wenyewe hatuna, hawa wanapewa.

Lakini watoto walisoma shule moja. Machi 2005, maafisa wa uhamiaji walivamia alfajiri nyumba ya familia ya Waroma kutoka Kosovo, mtaani Drumchapel, wakaisafirisha hadi Yarl's Wood, kituo cha kuzuilia wahamiaji kule England. Binti yao alikuwa na miaka 15, mwanafunzi wa sekondari ya Drumchapel.

Wenzake wakauliza yuko wapi. Ni hilo tu, mwanzoni. Wengine walikuwa wakimbizi wenyewe, kama Amal Azzudin kutoka Somalia na Roza Salih, Mkurdi wa Iraq. Wengine wazawa wa Glasgow kabisa. Mwalimu wao, Euan Girvan, hakuwaambia wanyamaze. Walizungusha karatasi ya sahihi shuleni, wakaongea na wanahabari, wakafika hadi Bunge la Uskoti kule Edinburgh na kumkabili Waziri Kiongozi, Jack McConnell.

Na manze, walikuwa wajanja. Uhamiaji ni mambo ya London, Edinburgh haina kauli. Lakini elimu na ustawi wa watoto ni kazi ya Edinburgh, na hapo ndipo walipoibana. Swali lao halikuwa la viza. Waliuliza kwa nini mtoto anayesoma atolewe kitandani alfajiri na kufungiwa.

Baada ya wiki kama tatu rafiki yao aliachiliwa. Baadaye familia ikapewa ruhusa ya kukaa.

Si wote walioponea. Septemba mwaka huohuo familia nyingine ya Drumchapel ilibebwa alfajiri, na hiyo ilifukuzwa kweli. Kwenye maghorofa ya Kingsway, majirani hawakungoja bunge. Kina mama na nyanya waliozaliwa Glasgow waliamka kabla ya jua, wakachungulia kama magari ya uhamiaji yamefika. Yakionekana, simu zinapigwa, na familia inayotafutwa inahamia kwa jirani hadi yaondoke. Sehemu hii nimeisoma mara nyingi kuliko ile ya bunge. Haihitaji ujuzi wowote. Unahitaji tu kujua nani anaishi mlango wa pili, na kuwa tayari kulala kidogo.

Mwaka 2010 serikali ilitangaza kwamba watoto hawatafungiwa tena Dungavel, kituo cha wahamiaji cha Uskoti. Roza alichaguliwa diwani wa Glasgow mwaka 2022. Kuna hata tamthilia ya muziki kuhusu wasichana hao.

Watu hupenda kusema watoto hawana la kufanya. Nimejitetea hivyo pia: nilikuwa mdogo, watu wazima wenyewe walinyamaza. Wale wa Drumchapel walinizidi miaka mitatu hivi.

Wiki hii nimejaribu kukumbuka jina kamili la mwenzangu. Nimepata la kwanza tu. Nakumbuka pia aliniazima raba ya kufutia siku ya mwisho niliyomwona, nyeupe, imeliwa pembe moja. Niliitumia hadi ikaisha.