Mti wa Mangi Meli

Safari ya gari kutoka Dar es Salaam hadi Moshi ukiwa na watoto watatu kiti cha nyuma si jambo la mchezo. Ukifika Same, swali la "tumefika?" limekwisha kuwa wimbo, ukifika Himo, hata mama yao anauitikia. Desemba iliyopita niliwatuliza kwa kuwaahidi kitu cha ajabu njiani.

"Kitu gani, baba?"

"Mti."

Walinuna hadi Kiboriloni. Hapo tuliiacha barabara kuu, tukapanda kati ya migomba kuelekea Old Moshi. Huko ndiko ilikokuwa Moshi yenyewe. Mji wa leo, wenye stesheni na mnara wa saa, ulilichukua jina hilo baada ya reli ya Wajerumani kutoka Tanga kufika huku chini mwanzoni mwa miaka ya 1910. Wenye jina wakaachiwa hilo neno la Kiingereza mbele yake.

Mti uko huko Old Moshi. Ukiwa na haraka utaupita. Mzee mmoja alitupokea, akawaketisha wanangu chini yake na kuanza.

Mangi Rindi, ambaye Wazungu walimwita Mandara, alielewana na Wajerumani. Alipofariki mwaka 1891, mwanawe Meli hakuelewana nao. Juni 1892 watu wake walikipiga kikosi cha Wajerumani, na kamanda wake, von Bülow, akafa. Naam, Wachaga waliwashinda Wajerumani, jambo ambalo mimi shuleni sikufundishwa. Agosti 1893 Kaimu Gavana von Schele alikuja mwenyewe na jeshi kubwa zaidi, na Meli akasalimu amri.

Mambo hayakuishia hapo. Kapteni Johannes, mkuu wa boma, aliletewa habari kwamba wamangi wanapanga uasi. Wapo wanaosema fitina hiyo ilipikwa na Wachaga wenyewe, wakimtaja Marealle wa Marangu. Hayo hata leo huzungumzwa kwa sauti ya chini, mbege ikiwa imekolea. Tarehe 2 Machi 1900, Meli alinyongwa kwenye mti huu pamoja na viongozi wengine, wakiwamo Ngalami wa Siha na Molelia wa Kibosho.

Kisha, husimulia wazee, kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Si hadithi ya kutunga tu: enzi hizo Felix von Luschan wa Berlin alikusanya mafuvu kwa maelfu kutoka makoloni. Karne nzima baadaye, wajukuu wa walionyongwa walitoa mate yao yapimwe vinasaba. Septemba 2023 Berlin ilitangaza kuwa imepata ndugu wa baadhi ya mafuvu. Mojawapo ni la akida, mshauri wa Meli. La Meli mwenyewe halikuwamo.

Kando ya mti kuna sanamu ya mangi, kichwa na mabega tu. Mwanangu wa mwisho, mwenye miaka saba, aliizunguka mara mbili.

"Babu," akamwuliza yule mzee, "hao Wajerumani wamefungua makabati yote?"

Mzee alimtazama kitambo.

"Mjukuu wangu, hilo ndilo tunalowauliza."

Tulitoa mchango wetu, tukateremka. Hadi mjini hakuna aliyeuliza kama tumefika.