Magonjwa ya Kazi Yasiyofika Kwenye Daftari

Leo tunazungumzia magonjwa yanayoletwa na kazi, na kwa nini hapa kwetu Kisii na Nyamira mengi hayaripotiwi. Ili tuelewane, turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1700 daktari wa Italia, Bernardino Ramazzini, alichapisha kitabu kizima kuhusu magonjwa ya wafanyakazi: wachimba migodi, wafinyanzi, wachonga mawe, hata wasafisha vyoo. Aliwashauri madaktari wenzake wamwongezee mgonjwa swali moja: unafanya kazi gani? Miaka zaidi ya 300 imepita na swali hilo bado husahaulika. Baba anakuja na kikohozi, anaandikiwa kikohozi, anapewa dawa na kurudi nyumbani.

Huku Kenya, serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya fidia kwa wafanyakazi katika miaka ya 1940, na sheria ya viwanda ikaanza kutumika mwaka 1951. Sheria hizo zilimlenga mtu aliyeajiriwa, na zaidi zilifaa kwa ajali. Mkono ukikatwa na mashine, kila mtu anauona, na siku yake inajulikana. Pafu linaloharibika polepole kwa miaka 15 halina siku. Tena anayetakiwa kupeleka taarifa ni mwajiri, ambaye huenda ndiye atakayelipa!

Sasa tujiulize watu wetu walikuwa wapi. Wengi walikuwa katika mashamba yao wenyewe. Pareto ilipoenea katika milima yetu, wako waliopata upele na mafua kwa kuishika. Mama alijikuna akasema ni pareto tu. Angemripoti nani, na shamba ni la mume wake?

Tabaka ndiko jambo hili linakoonekana wazi. Wanaume huchimba mawe ya sabuni kwa mikono, kisha huyachonga kwa panga na visu. Akina mama hulainisha vinyago kwa msasa ndani ya maji. Maji hutuliza vumbi, kwa hiyo hatari kubwa iko kwa yule anayechonga jiwe likiwa kavu, hasa ndani ya kibanda kisicho na madirisha. Vumbi la mawe lenye silika huacha makovu kwenye mapafu, na makovu hayo hayaponi. Pia humfanya mtu ashikwe na kifua kikuu kwa urahisi. Hapo ugonjwa wa kazi hujificha ndani ya ugonjwa mwingine: mgonjwa anaandikwa TB, ambayo kweli anayo, na vumbi halitajwi popote. Wengine huanzia kwa mganga, kwa sababu majirani wamesema amerogwa.

Waliokwenda Kericho kuchuma chai walikuwa na mwajiri, lakini walikuwa pia na hofu. Anayelalamika mgongo huogopa kwamba msimu ujao hataitwa. Mwaka 2022 mahakama ya Edinburgh, Uskoti, iliruhusu mamia ya wachuma chai wa Kericho kuishtaki pamoja kampuni ya James Finlay (Kenya) kwa maumivu ya mgongo na viungo. Mwaka 2023 majaji waliisimamisha kesi hiyo ili madai yapitie kwanza utaratibu wa fidia wa Kenya. Maumivu ya mgongo wa hapa jirani yalisikika Ulaya!

Utaratibu huo unatokana na sheria ya fidia ya mwaka 2007. Sheria nyingine ya mwaka huohuo, ya usalama na afya kazini, inamtaka hata daktari anayeshuku ugonjwa wa kazi atoe taarifa. Kwa maoni yangu sheria hizi si mbaya. Tatizo ni kwamba daktari hawezi kushuku kazi ambayo haijui.

Kwa hiyo ukifika zahanati, taja kazi yako hata kama hujaulizwa, na useme umeifanya miaka mingapi. Kama umeajiriwa, mjulishe mwajiri kwa maandishi, ubaki na nakala, na akikaa kimya uende ofisi ya leba. Mchongaji wa Tabaka anayejiajiri hatapata fidia kwa kusema hivyo, lakini makohozi yake yatapimwa mapema, na anayesoma picha ya kifua chake atajua anatafuta nini.