Triumph ya Meriden, spea za California

Mwingereza anayefufua Triumph Bonneville ya miaka ya 1960 mara nyingi hujikuta akiagiza spea za mtumba kutoka Marekani, ng'ambo ya Atlantiki, ilhali pikipiki yenyewe iliundwa Meriden, karibu na Coventry. Wengi hueleza hali hiyo kwa utajiri: Wamarekani walikuwa na fedha, wakanunua nyingi, basi. Jibu hilo lina ukweli, ila linaruka hatua moja. Spea kuukuu hupatikana pale ambapo sera za zamani zilikipeleka chombo kikiwa kipya, na mara nyingi hapo si pale kilipotengenezwa.

Baada ya vita kuisha mwaka 1945 Uingereza ilikuwa na madeni na njaa ya dola. Chuma kiligawiwa kwa kibali, na kiwanda kilichouza nje ndicho kilichotangulizwa kwenye mgao. Mnunuzi wa nyumbani akaambiwa angoje. Triumph, iliyoongozwa na Edward Turner, tayari ilikuwa na wakala California. Mwaka 1951 ikafungua kampuni yake Maryland kuhudumia majimbo ya mashariki. Bonneville ilipotoka mwaka 1959 ilibeba jina la uwanda wa chumvi wa Utah, jambo linaloonyesha wazi ilikuwa ikimlenga nani. Hata umbo lilifuata soko: za Marekani zilifungwa usukani uliopanda juu na tangi dogo jembamba, za nyumbani zikapewa tangi kubwa la safari ndefu. Kwa hiyo Mwingereza anayeagiza tangi kutoka California hana budi kuuliza kwanza ni la umbo gani, la sivyo atafungua boksi lenye kitu kizuri kisichofanana na pikipiki aliyoikumbuka.

Atatokea wa kusema kwamba siri ni hali ya hewa. Ni kweli barabara za Uingereza humwagiwa chumvi wakati wa baridi, nayo hula chuma, huku ukavu wa California ukikihifadhi. Lakini ukavu hutunza kilichokwisha kufika, hauwezi kukileta. Tazama Japani. Watengenezaji wa huko walijiwekea ukomo wa cc 750 kwa pikipiki za soko la nyumbani, hivyo Kawasaki Z1 ya cc 903, iliyotoka mwaka 1972, ikaenda kuuzwa nje, na Wajapani wakapewa ndugu yake mdogo wa cc 750. Ukomo ule ndio uliowafanya mashabiki wa Tokyo waje kuzitafuta Z1 kuukuu Marekani na kuzirudisha zilikozaliwa.

Pingamizi zito zaidi ni la spea mpya za kuiga: kwa nini kuagiza kuukuu ilhali mpya zipo? Kwa kebo, gasketi na hata ekzosi, nalikubali. Hakuna sababu ya kulipia meli kwa kebo iliyochakaa. Kwa fremu na bodi ya injini mambo ni mengine. Triumph zilitoka kiwandani namba ya injini na ya fremu zikiwa zinalingana, na bei hushuka zisipolingana. Kiwanda cha Meriden kilifungwa mwaka 1983, lakini daftari za usafirishaji zilihifadhiwa, na mtu akiipeleka namba yake ikaangaliwe humo, huonyeshwa pikipiki hiyo ilipelekwa kwa nani ilipotoka kiwandani.